Picha ya Kufika

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na kabla matone hayajashika kasi mama alikuwa ameshatoa hukumu: chumba cha kaka kitolewe vitu. Bibi akimaliza matibabu ya macho kwa shangazi, mwezi wa tano, anahamia kwetu, na mama anasema bibi hawezi kulala akitazamwa na rafu nzima ya wanasesere. Mama huziita wanasesere. Baba huziita madude. Kaka alikuwa akiziita kwa majina yao.

Ni sanamu ndogo za plastiki, ndefu kama kiganja, za mfululizo unaoitwa Wapanda Radi. Kaka alianza kuzikusanya akiwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, akaendelea mpaka akawa mtu wa kazi na mshahara. Mwaka jana baba alirudi amechoka, akakuta kifurushi kingine mezani, akasema mwanamume mzima anacheza na wanasesere. Kaka akasema ni hela yake. Baba akamchukua Nahodha, sanamu ya kwanza kabisa rafuni, akambamiza ukutani. Mkono wenye mkuki uliruka, hatukuuona tena. Kaka alikunja nguo zake akaenda kuishi mji mwingine, kwenye kazi ambayo alikuwa ameshaikataa, na tangu siku hiyo yeye na baba hawajapeana hata salamu.

Leo nilimwandikia kuhusu chumba. Akajibu: "Uza zote. Hela kula wewe." Nikamwuliza, hata moja nisikuwekee? "Hata moja. Sitaki kuziona."

Nimebaki nimeshika simu kama mtu aliyepigwa kofi na hajui ageukie wapi. Hela siitaki. Ninachoogopa nakisema hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi: rafu ikibaki tupu, kaka hatakuwa na kitu chake humu ndani. Atarudi kufuata nini?

Naandika haya kwa lugha ya nyumbani. Ile ya shuleni naiweza, hata alama napata, lakini likifika jambo linaloniuma huniacha njiani nikitafuta msamiati.

Jumanne, 4 Machi

Kaka ameniingiza kwenye kundi la wakusanyaji mtandaoni, kisha akasema yeye ameshaachana na mambo hayo. Kundi lina sheria zake. Muuzaji anaweka picha na bei. Wa kwanza kuandika "Nashika" ndiye mwenye mali, hakuna kubembelezana tena wala kupandishiana dau. Na mnunuzi akishapokea, lazima aweke "picha ya kufika": anaipiga sanamu picha pale ilipofikia, ili kila mtu aone muuzaji si mwizi. Msimamizi wa yote haya wanamwita Katibu. Ni mwanamke, na picha yake ni ya rula.

Tangazo langu la kwanza niliandika kwa lugha ya shuleni, aya tatu, lina utangulizi na hitimisho. Katibu akajibu mbele ya watu wote: "Mdogo wangu, unauza au unaomba kazi? Sema ni nani, ana kasoro gani, bei gani. Basi."

Nilizima simu nikaifunika kwa mto.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeumbuka mpaka sijui uso niuweke wapi.

Nilimpiga picha Mzamiaji, yule mwenye kofia ya kioo. Nilikuwa nimesoma kwamba picha ipigwe karibu na dirisha, mchana, bila taa ya simu, kwa hiyo akili yangu yote ilikuwa kwenye mwanga. Nyuma sikuangalia. Na nyuma, kwa sababu mvua hainyamazi na nguo zinakaukia ndani, kulikuwa na sidiria ya mama. Imetandazwa kwenye mgongo wa kiti kana kwamba inauzwa pamoja naye.

"Hiyo ya nyuma nashika," akaandika mmoja.

"Ina boksi lake?"

"Muuzaji hajataja kasoro."

Katibu aliifuta picha, akaniandikia pembeni: "Hujambo tena. Muuzaji mpya, kabla ya kuitazama sanamu, tazama ukuta. Picha inasema mambo ya nyumba yenu hata wewe ukiwa umefunga mdomo. Nimeshaona humu namba za milango, funguo, cheti cha ndoa. Sogeza kila kitu, ndipo upige."

Nikaona heri mama asikie kutoka kwangu. Alishusha mkasi.

"Ile ya maua au ile iliyochakaa?"

"Iliyochakaa."

"Basi umeniua," alisema, akaendelea kukata karatasi zake za darasani.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Mama ananisemesha kupitia baba. "Mwambie binti yako chumvi iko wapi."

Jumatano, 12 Machi

Katibu aliniuliza kama sanamu zina maboksi yake. Nikasema yapo, maana kaka aliyapanga chini ya kitanda kwa mikono yake, nilimwona. Leo nikainama kuyatoa. Vumbi tupu.

"Mama, maboksi ya kaka yako wapi?"

"Maboksi gani?"

"Yale ya chini ya kitanda. Yenye michoro."

"Aa, yale." Uso ukamchangamka. "Yale tumetengenezea treni."

Mama anafundisha chekechea. Watoto wake wamekata madirisha, wamebandika magurudumu ya vifuniko vya chupa, na treni inazunguka darasa zima. Alinionyesha picha kwenye simu yake. Kwenye behewa la mwisho sura ya Daktari Nge bado inaonekana. Amechorwa masharubu ya kijani.

Nikamweleza kwamba boksi linaweza kuwa nusu ya bei. Alinitazama kama nimemwambia kuna soko la vivuli.

"Nani ananunua boksi lisilo na kitu ndani?"

"Watu, mama."

"Watu wazima?"

"Wazima. Wana kazi na kila kitu."

Akaketi kitandani kwa kaka. "Na nilivyowaambia watoto wamshukuru kaka wa mwalimu," alisema. "Waliimba."

Mimi nadhani mtu anayetaka kuanza kuuza asianze na simu wala gundi. Aanze kwa kuuliza nani nyumbani kwao anapenda usafi.

Jumamosi, 15 Machi

Mzamiaji ameshikwa. Aliyemshika anaitwa Habari za Asubuhi. Si utani, ndilo jina lake kundini. Inaelekea ni mtu mzima fulani: wakati wa kujiunga aliulizwa jina, yeye akadhani anatakiwa asalimie. Picha yake ni giza na nusu ya kidole. Aliandika "Nashika", halafu, peke yake, "Asante sana". Hela ikaingia kupitia kwa wakala, bila jina la mtu, na kifurushi akataka kiandikwe jina hilohilo.

Nilikwenda kwenye ofisi ya vifurushi nikirudiarudia sentensi moja njia nzima: naomba kutuma kifurushi, naomba kutuma kifurushi. Kufika mbele ya karani sauti ikapotea.

"Unasemaje?"

"Naomba kutuma..."

"Ongeza sauti, mama Kunong'ona. Mimi si daktari, siwezi kukusikiliza kwa kifaa."

Watu wa foleni wakacheka. Karani akachukua kifurushi changu akakitikisa karibu na sikio. "Kinacheza. Kikicheza hapa, huko kitafika vipande. Rudi ujaze magazeti mpaka kinyamaze." Nikarudi nyumbani kwenye mvua, nikajaza, nikatikisa, nikajaza tena. Mara ya pili alikitikisa, akatega sikio, akainamisha kichwa kwa heshima kama mtu aliyesikia kimya cha hali ya juu. Akaangalia jina la mpokeaji, akaniangalia mimi, akasema tu, "Huyu wa hapahapa mjini. Ameshapita kuulizia, atakuja kuchukua mwenyewe."

Usiku, nafasi ya Mzamiaji kwenye rafu ilionekana kama jino lililong'oka.

Jumatano, 19 Machi

Baada ya shule nilimpelekea baba mwavuli kazini. Baba anatengeneza meno bandia. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno, kimejaa mataya ya plasta yaliyoandikwa majina ya wenyewe, na harufu ya plastiki iliyopashwa moto. Tulipokuwa wadogo mimi na kaka tulikuwa tunaogopa kuingia kwa sababu ya taya moja la maonyesho linalokaa dirishani, lenye jino la dhahabu. Kaka alilipa jina, Mjomba Cheka, akaniambia huuma wasiofanya kazi za shule. Mjomba Cheka bado yupo, bado anacheka.

Baba alifunga kabati haraka nilipoingia, kwa goti.

"Nani kakutuma?"

"Mvua."

"Haya. Weka hapo, uende." Kisha, bila kunitazama: "Bado unauza yale madude?"

"Bado."

"Nani anayanunua, lakini." Wala haikuwa swali. Nilitoka nikiwa na hasira naye njia nzima. Kuna watu hata mwaka upite hawalainiki.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mtihani wa hesabu. Habari za Asubuhi ameshika Malkia wa Kutu, na juzi alishika Mpiga Filimbi. Hajaweka picha ya kufika hata moja, na Katibu ameanza kukasirika kwa herufi kubwa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepigwa changa la macho.

Aliyebaki muhimu kwenye rafu alikuwa Rubani. Ni sanamu ambayo kaka alinunua kwa mshahara wake wa kwanza, alilala nayo siku hiyo, nilimchungulia. Jana mtu akaandika "Nashika" ndani ya dakika moja. Alikuwa mpole ajabu. Aliniita dada mpendwa. Aliuliza kuhusu masomo yangu. Akasema ameshalipa, akanitumia picha ya ujumbe wa malipo, ina tarehe, ina kiasi, ina kila kitu. Kwenye simu yangu hakuna kilichoingia. Akasema ni mvua, mtandao unasuasua, na kwamba mtoto wake anaumwa na anamsubiri Rubani kama dawa.

Mimi siwezi kumwambia mtu mzima "sikuamini". Kwa mdomo siwezi, na nimegundua leo kwamba hata kwa vidole siwezi. Nikafunga Rubani nikampeleka. Karani alitikisa, kikanyamaza, akasifia.

Leo asubuhi hela haijaingia. Mchana jina la yule mtu halipo tena kundini, halipo popote, kama ukurasa uliochanwa. Nilikimbia na sare za shule mpaka kwa karani.

"Kile cha jana," nilisema, na kwa mara ya kwanza sikunong'ona.

Aliona uso wangu, akaacha utani. "Kiliondoka na gari la jioni, mwanangu. Kilishachukuliwa huko."

Nikaketi kwenye benchi la ofisi ya vifurushi, maji yananichuruzika, watu wananizunguka. Si hela. Ni kwamba kile kitu kilikuwa cha kaka, nami nimempa mwizi kwa sababu ya haya. Haya zangu, ambazo kila mtu husema ni adabu.

Katibu nilipomwambia aliandika: "Hela ni ile uliyoiona kwenye simu yako wewe. Picha ya simu ya mtu si hela, ni picha." Baadaye akaongeza: "Lala. Wengi wetu tumeingizwa mjini hivyo."

Nimemwandikia kaka yote. Hajajibu.

Ijumaa, 4 Aprili

Kaka amejibu, tena kwa urefu, yeye ambaye tangu mwaka jana hunipa maneno mawili mawili. Anasema na yeye walimfanyia vivyo hivyo mwanzoni, alituma sanamu mbili kwa mtu aliyejiita mchungaji. Anasema alilia bafuni na bomba limefunguliwa ili baba asisikie. Sikuwahi kujua. Nilidhani kaka alizaliwa akijua haya mambo.

Mwishoni akauliza: "Nahodha naye ulishamuuza?"

Nikashangaa. Nahodha hayupo rafuni tangu siku ile. "Si ulimchukua wewe?"

"Mimi sikuchukua kitu."

Nikamwendea mama. Aliinua mikono juu kabla sijamaliza. "Safari hii si mimi. Wallahi treni haina mtu."

Kwa hiyo Nahodha yuko wapi?

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Rafu imebaki na Daktari Nge tu. Nimempangusa vumbi kwa brashi kavu. Maji hapana, rangi ya macho hutoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianze na Katibu.

Daktari Nge alishikwa jana, nikampeleka kwa karani palepale, na aliyemshika ni yuleyule, Habari za Asubuhi. Leo Katibu akaishiwa subira: "BWANA HABARI. Umechukua rafu nzima ya binti huyu na hatujaona picha ya kufika hata moja. Ukifika jioni bila picha, nakutoa."

Kundi zima likakaa kusubiri kama watu wa mpira. Mara picha ikatua. Malkia wa Kutu, amepigwa kutoka juu, ukungu kila mahali, kidole kimeziba kona. Chini yake: "Amefika salama. Asante sana."

Watu wakaanza kucheka. "Mbona nyuma kuna mtu anacheka?" "Jamani, yale ni meno?" "Bwana Habari unaishi kinywani mwa nani?"

Nikaikuza picha. Nyuma ya bega la Malkia, kwenye ukungu, kulikuwa na taya. Taya la plasta lenye jino la dhahabu.

Nilikaa nimeikodolea macho mpaka simu ikajizima, nikaiwasha, Mjomba Cheka akawa bado yupo. Nilitoka bila mwavuli. Mama aliniita, sikugeuka.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu. Baba alikuwa ameinamia kazi, amevaa ile miwani ya kukuzia.

"Baba," nilisema. "Habari za asubuhi."

Ilikuwa jioni. Alinyanyua kichwa polepole, akanitazama kwa yale macho makubwa ya kioo, kisha akavua miwani.

"Umejuaje?"

"Mjomba Cheka yuko kwenye picha."

Aligeuka akamtazama Mjomba Cheka kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. "Nilisogeza kila kitu," alisema. "Huyu nimemzoea. Simwoni tena."

Akafungua kabati. Rafu za juu mataya ya wateja. Ya chini, wote. Mzamiaji, Mpiga Filimbi, Malkia na wenzao, na mwishoni Daktari Nge, bado na gazeti langu mguuni. Wamepangwa kama walivyokuwa wamepangwa nyumbani, kwa mfuatano uleule, na katikati imeachwa nafasi.

"Ya Rubani hiyo," alisema baba. "Huyo nilichelewa. Nilikuwa napima taya la mtu. Kutoa mikono kinywani mwake, nikakuta yule mwizi ameshaandika."

Nilikuwa nimemchukia baba mvua nzima, kwa bidii, na sasa chuki yenyewe sikujua niitue wapi.

"Kwa nini hukuniambia nisiuze?"

"Ningekuambia kwa mdomo upi? Mimi ndiye niliyezivunjia heshima."

"Si ungempigia kaka mwenyewe."

"Nilipiga, hakupokea." Akafuta vumbi la plasta mezani kwa kiganja. "Nilipiga mara moja tu," akajisahihisha.

Kisha akatoa kwenye droo kitu kilichofungwa pamba, akakifungua kwa namna anavyofungua meno ya mtu. Alikuwa Nahodha. Ana mikono miwili. Mmoja wa rangi yake, ya chuma. Mwingine ni wa waridi, unang'aa kama una unyevunyevu. Rangi ya ufizi.

"Ule mkono niliutafuta kila mahali, sikuupata," alisema. "Nikachukua kipimo cha huu mwingine nikakigeuza. Mkuki ni waya wa kushikia meno. Lakini rangi, kwenye kazi yangu mimi rangi ni moja."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, na baba akawa anatazama mlangoni asije mtu akaingia.

"Huko kwenye kundi," akauliza, "mtu akitengeneza kilichovunjika, wanasemaje?"

Nilitaka kudanganya. "Wanasema amekiharibu mara ya pili."

"Na yeye atasema hivyo?"

"Sijui, baba."

Alimfunga Nahodha tena kwenye pamba. Tulirudi nyumbani kwa mwavuli mmoja, yeye amelowa upande mmoja, mimi upande mwingine.

Jumatatu, 21 Aprili

Chakula cha jioni. Baba akauliza chumvi. Mama akampa. Hakuna aliyemwambia mama habari za kabati, lakini anajua, maana alinikonyeza.

Jumamosi, 26 Aprili

Usingizi ulikuwa haunijii, nikiwaza kama nimtumie kaka ujumbe. Nikimwambia tu, atajibu maneno mawili nayo yatakuwa "sitaki kujua". Leo nikamwambia baba tumweke Nahodha kundini, hata kama kaka hayupo humo tena. Nitamtumia kiungo, aone mwenyewe.

"Watu watacheka," alisema baba.

"Watacheka."

Alifikiri. "Weka."

Nilimpiga picha karakanani, mezani kwa baba, dirishani ili mwanga uwe mzuri. Nikaanza kusogeza vitu, kama nilivyofundishwa. Halafu nikaviacha. Nikaandika:

"Nahodha, Wapanda Radi. Hana boksi, limekuwa treni. Mkono wa kulia ulivunjwa na baba yangu kwa makusudi, na umetengenezwa na baba yangu kwa makusudi. Bei: mtu aje mwenyewe."

Nikabonyeza, ndipo nikakumbuka. Sheria ni sheria. Wa kwanza kuandika "Nashika" ndiye. Niliwezaje kusahau? Mtu yeyote mwenye nauli angeweza kumchukua, na Katibu angesimamia hilo kwa rula yake. Nilimwambia baba. Alikaa chini.

"Mkono una ugonjwa?" akaandika wa kwanza.

"Huu ni ufizi jamani, nimewaambia Bwana Habari anaishi kinywani."

"Katibu, hii ni bei gani?"

Katibu alikuwa mtandaoni, nilimwona anaandika, anaacha, anaandika. Baadaye akatoa moja tu: "Muuzaji ametaja kasoro zote. Tangazo ni halali."

"Mimi nipo karibu, kwa utani tu naweza..." akaanza mmoja, na ujumbe wake ukaishia hapo, maana juu yake lilikuwa limeshatua neno moja kutoka kwa jina ambalo sikuwahi kuliona likiongea humo. Jina la kaka.

"Nashika."

Hakuwa ametoka. Muda wote alikuwa ndani, amekula jiwe, anaona kila kitu: sidiria, Rubani, kila "Asante sana" ya Bwana Habari. Na ile picha ya Malkia. Mjomba Cheka ni yeye aliyempa jina.

"Umeshika," aliandika Katibu. "Kifurushi au unachukua mwenyewe?"

Hakujibu. Baba alikuwa na mteja, alimwambia asubiri, akarudi, akauliza, "Amejibu?" Akaenda. Akarudi. Mteja akatoa kichwa mlangoni, hana jino hata moja, akauliza kuna msiba?

Tulikuwa tunafunga karakana simu ilipolia.

"Mwenyewe."

"Soma tena," alisema baba.

Ni neno moja. Nikalisoma tena.

Jumamosi, 3 Mei

Bibi amehamia, bandeji za macho zitafunguliwa baadaye. Amegusa rafu tupu, akauliza ya nini hii. Nikamwambia ina watu wake, wako njiani.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zimekatika. Kaka alifika kabla ya chai.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makubwa. Nilidhani kutakuwa na mtu wa kulia. Kaka alitua begi, akamsalimia bibi, akamkumbatia mama mpaka akamnyanyua. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni kama mgeni aliyekosa kiti.

"Barabara ilikuwaje?" aliuliza baba.

"Ina matope."

"Ndiyo. Kipindi hiki ina matope."

Kisha baba akamweka Nahodha mezani, akarudi hatua nyuma. Kaka alimchukua akampeleka dirishani. Alimgeuza kama mnunuzi mzoefu anavyotafuta ufa, chini, mgongoni, kwapani. Alikawia kwenye ule mkono wa waridi. Nadhani hata bibi, ambaye macho yake bado yana bandeji, alijua kuna kitu kinaangaliwa.

"Mkuki ni waya wa meno?" aliuliza kaka.

"Wa meno."

"Haupindi?"

"Huo hata ukitafunia mfupa."

Kaka akaujaribu kwa kidole. Haukupinda. "Umegeuza mkono wa kushoto," alisema. "Kidole gumba umekiweka sawa kabisa. Wengi hukosea hapo."

Baba alijibu kitu, lakini sauti haikutoka. Nikagundua haya zangu nimezirithi kwa nani.

Jioni Katibu akaandika kundini: "Nahodha amechukuliwa, nasikia. Picha ya kufika sijaiona. Sheria ni sheria."

Kaka akapiga akaiweka kabla sijamkumbusha asogeze vitu. Nimeitazama sasa hivi kwenye simu yangu. Nahodha yuko mezani kwetu, mkono wa waridi umeinuliwa. Nyuma yake, kwenye ukungu, baba amebeba boksi la sanamu kutoka karakana kwa mikono miwili, anaelekea chumbani kwenye rafu, na bibi anamwelekeza njia ambayo yeye mwenyewe haioni. Na pembeni, kwenye mgongo wa kiti, ingawa leo jua limewaka kutwa na nguo zote ziko nje, mama ameanika sidiria moja tu. Ile ya maua.